Waya Uliofungwa Juu ya Rangi

Sifa mwanangu,

Jioni ile mama yako hakupiga simu mara moja tu. Alipiga mara nyingi, na duniani ni mimi peke yangu ninayejua. Koko, bibi yako, hajui. Babu hajui. Hata padri sikumwambia, ingawa nilisimama kwenye mstari wa kitubio nikatoka kabla zamu yangu haijafika. Sasa unajua na wewe.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, juu ya kitanda ambacho kesho mtakilalia wewe na Koko. Jua limetoka kuzama upande wa Walikale, na kutoka nyumbani nasikia Koko akikuambia ufunge viatu vyako vya shule kwenye mfuko. Habari za viatu, za kuoga, za kusali, za namna ya kumsalimu mama wa baba yako mtakapofika, zote Koko atakueleza njia nzima hadi Goma, tena na tena. Mimi naziacha. Nataka kukuandikia yale ambayo sijui kuyasema kwa mdomo. Unanijua. Hata nikitaka chumvi sokoni nasimama pembeni mpaka muuzaji aniulize nataka nini.

Watu wakisikia unaniita Mama wanacheka. Ni kweli nimemaliza shule juzi tu na diploma yenyewe haijatoka. Lakini mdogo wa mama ni mama mudogo, na tangu dada yangu Kavira aende Omate ni mimi ninayekusuka nywele na kukushika mkono unapoota ndoto mbaya. Kwa hiyo nakuita mwanangu, na anayetaka kucheka acheke.

Ulipokuwa mdogo ulifikiri gari hili ni nyumba yenye magurudumu, na hukukosea. Babu alipotoka Butembo kuja kufanya biashara hapa Kashebere, alijifunza haraka kwamba tope la milima ya Masisi linaweza kukushika na bidhaa zako mpaka usahau leo ni siku gani. Akang'oa viti vya nyuma, akapigilia kitanda, akaweka pazia, na chini ya kitanda akaweka batri ya pili, kwa ajili ya taa, redio na simu. Shida ilikuwa moja: batri hiyo ilipoisha, ilibidi ibebwe begani mpaka kwa yule mtu wa jenereta sokoni. Mimi nilikuwa nasoma umeme. Likizo moja nikarudi na wazo kwamba batri ya nyuma inaweza kula umeme wa injini gari likiwa safarini, bila kubebwa na mtu.

Babu alifurahi akawaambia watu wote. Hilo ndilo lilikuwa baya. Nilipotandika vyombo vyangu chini, jirani yetu muuza mafuta alikuja na kiti chake kabisa.

"Papa Katembo, gari iko inagonjwa? Ao unaiuza vipande-vipande?"

"Binti yangu njo fundi," Babu akamjibu.

"Mamzeli! Angalia usituzimie jua!"

Wakacheka wote. Nikaingiza kichwa chini ya kitanda ili nisionekane, nikafanya kazi nikiwa huko huko.

Kazi yenyewe si ngumu, na nataka uijue kwa sababu leo umeniona nikiifanya. Waya mnene unatoka kwenye batri ya mbele. Unapita kwenye fizibu, kile kidude kinachokubali kuungua ili gari lisiungue. Unapita kwenye rele, kisanduku kinachounganisha batri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha injini ikizimwa, ili taa ya nyuma isije ikanywa nguvu ya kuwashia gari. Kisha unafika kwenye batri ya nyuma. Huo ni waya wa kwenda. Umeme unataka pia njia ya kurudi, na njia hiyo ni mwili wa gari lenyewe. Waya wa kurudi, tunauita masi, unafungwa kwa skrubu kwenye bodi, mahali ambapo rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Mwalimu wetu alikuwa akigonga meza kwa ajili ya hilo: chuma juu ya chuma! Rangi haipitishi umeme. Nilijua. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Nilichukua kisu. Kabla sijagusa, kichwa cha Babu kikatokea dirishani.

"We Katungu! Unataka kufanya nini na ile kisu? Rangi iko ingali inanuka mupya! Usinikwangulie gari!"

Gari lilikuwa limetoka kupakwa ile buluu unayoipenda. Nilipaswa kusema: Papa, ni lazima, ni mahali padogo kama kifungo cha shati. Maneno machache tu. Yalipanda mpaka kooni, muuza mafuta akakohoa kwenye kiti chake, yakarudi chini. Nikafunga waya juu ya rangi. Nilikaza skrubu kwa nguvu zangu zote nikijidanganya kwamba itauma chuma yenyewe. Babu akawasha injini, mimi nikawasha taa, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. "Mamzeli amewasha jua!" Taa iliwaka kwa sababu batri ilikuwa bado imeshiba umeme wa sokoni. Injini haikuwa inaipa chochote.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa mama yako. Alikuwa anajiandaa kwenda Omate kuwauzia wachimbaji unga na mandazi, apate ada yako ya shule. Baba yako alikuwa ameshafariki, na kumwomba Babu kila muhula kulikuwa kumemchosha. Siku ya kuondoka alinivuta kando, simu ya nyumbani mkononi.

"Sikia, Katungu. Inite za simu zitakuwa kidogo, nitakuwa nabip tu, inalia nakata. Bip moja, nimefika muzima, musinisumbukie. Bip mbili, unipigie weye. Nikibip-bip bila kuachilia, hapo kuko matata. Mukimbilie Papa, apigie ule rafiki yake wa depo ya bidhaa kule, anitafutie pa kuingia."

"Kwa nini mimi?"

"Papa hasikie muzuri. Na Mama anashikaka simu kichwa chini."

"Nakusikia!" Koko akapaza sauti kutoka jikoni. "Kichwa chini ao kichwa juu, sauti si inatoka?"

Mama yako alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wake wa unga. Ukimkumbuka, mkumbuke hapo. Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwangu, hukuona, kwa hiyo nakupa nilichoona mimi.

Alipoondoka, majirani walizoea kuleta simu zao kwenye gari letu. Sikujua kumkatalia mtu. Nilizichomeka zote, na jioni taa ya kitanda ilianza kugeuka njano kama hindi, kila siku njano zaidi. Niliona. Nilijiambia ni balbu. Mtu mwenye aibu ana dhambi moja ambayo wengine hawaijui, Sifa: akiona kitu kibaya, kwanza anatafuta sababu ya kutokusema.

Jioni niliyokutajia nilikuwa nimeketi hapa hapa nilipoketi sasa. Simu ilikuwa imechomekwa tangu asubuhi, nikiamini inajaa. Ikalia. Namba ya mama yako. Ililia mara moja ikakatika, na kabla sijainua mkono kioo kikawa cheusi. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Ilikuwa imekufa. Lakini bip nilikuwa nimeisikia, nayo ilikuwa moja. Nikaruka nje.

"Dada amefika! Amebip!"

"Bip ngapi?" Koko akauliza, mwiko mkononi.

"Moja!"

"Moja!" Koko akapiga vigelegele mpaka wa nyumba za juu wakatoka. Ukacheza naye ukigonga kifuniko cha sufuria, mimi nikacheza, Babu akacheza kwa mabega bila kuinuka kitini. Tulikula sombe na samaki waliokuwa wametunzwa kwa Jumapili. Ni usiku wa mwisho ambao nyumba hii yote ilicheka pamoja.

Asubuhi nilipeleka simu kwa mtu wa jenereta. Ilipowaka, ujumbe wa mtandao ulianza kuanguka, mmoja juu ya mwingine, ile sauti ndogo bila kupumzika: namba hii ilikupigia, namba hii ilikupigia, namba hii ilikupigia. Wakati sisi tunacheza alikuwa anapiga. Wakati tunakula samaki alikuwa anapiga. Nikapiga mimi. Haipatikani. Nilikuwa bado nimeweka simu sikioni Babu alipoingia humo kibandani kununua sigara.

"Kavira anasema nini?"

"Haipatikani, Papa."

"Ni mutandao tu. Si alibip? Basi, iko muzima." Akanipiga bega kwa upole akatoka.

Nilifuta ujumbe wote kabla pazia la mlango halijatulia. Nilisema moyoni: kesho atapiga mwenyewe, haya yatakwisha, hakuna atakayeumia. Kesho yake Koko alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Nani angesimama katikati ya wimbo kusema hapana? Kila siku iliyopita iliufanya mdomo wangu uwe mzito zaidi. Halafu wakaanza kupita watu waliotoka Omate, magodoro kichwani, na wakasimulia kwamba wenye silaha waliingia jioni ile ile. Wengine walikimbilia msituni, wengine walichukuliwa wabebe mizigo. Mama yako hakuna aliyemwona, wala mzima wala vingine. Babu alimpigia rafiki yake wa depo, lakini siku zilikuwa zimeshapita. Yule mzee alisema alikuwa na watu wengi ndani ya depo yake usiku ule, nyuma ya mlango wa chuma, na asubuhi walitoka salama. Angejua Kavira yuko karibu, angetuma mtu amwite.

Pengine. Pengine pia asingempata. Hilo pengine ndilo ninalolala nalo, nikigeuka kulia lipo, nikigeuka kushoto lipo.

Mchana uliofuata nilijifungia ndani ya gari nikafungua skrubu ya masi. Chini yake rangi ilikuwa nzima, buluu, nzuri, haina hata mkwaruzo. Nilitamani ingekuwa imeharibika kidogo tu. Nikang'oa nyaya zote nikamwambia Babu zimechakaa, na batri ikarudi kubebwa begani.

Zamani nilifikiri aibu yangu inaniumiza mimi peke yangu. Nilipokuwa nakosa kipande cha nyama kwa sababu sikunyoosha mkono, nilikosa mimi. Nilifikiri ni aina ya wema, kutokusumbua watu. Wewe pia umeanza. Wiki iliyopita ulivaa kiatu chenye msumari siku nzima ukachechemea, nilipokuuliza ukasema hakuna kitu. Niliutoa ule msumari kwa koleo bila kukutazama, nawe ukafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilijiona.

Tangu milio ya risasi isogee kutoka upande wa Pinga, Babu amesema atawapeleka Goma wakati barabara ingali inapitika. Jana akaniomba nirudishe zile nyaya, kwa sababu mtalala njiani na Koko anaogopa giza kuliko anavyokubali. Asubuhi ya leo wewe ulinishikia tochi. Babu alikuwa anafunga kamba juu ya gari. Nilichukua kisu, na safari hii nilitoka nikasimama mbele yake.

"Papa, nitakwangua rangi."

Sauti ilitoka ndogo. Hakusikia vizuri.

"Unasema?"

"Rangi. Lazima niikwangue, njo waya ishike chuma. Ile mara ya kwanza sikuikwangua."

Aliliangalia gari lake. Limechubuka sasa, tope limelila, lakini bado analipangusa kwa shati lake la zamani kila Jumamosi.

"Kwangua, mwanangu," akasema. "Kwangua hata mulango muzima. Hii rangi niko naiwekea nani?"

Hakuniuliza ile mara ya kwanza nilifanyaje. Sijui kama hakuelewa au alielewa akaniacha. Wewe uliniuliza, "Mama, gari haisikii uchungu?" nikasema haisikii. Chuma kikatokea, cheupe, kidogo kama kifungo. Injini ilipowaka taa ya kitanda ikapanda, ikawa nyeupe kabisa, ukapiga makofi. Sasa unajua kwa nini niligeuka nikaangalia pazia.

Kuna la pili, nalo ni la kesho. Nilikuambia kwamba mkiondoka nitabaki nivune maharagwe, kisha nije Goma na wanawake wa soko. Si kweli. Maharagwe nimemwachia mke wa muuza mafuta. Mimi naenda Omate.

Mama Riziki, yule mama wa Kihunde anayelima muhogo juu ya kilima, anapeleka unga kule na wenzake. Aliporudi mara ya mwisho alikuwa anapumzika hapa uani nikamsikia akimwambia mwenzake habari za chakula cha huko. Nikaenda kukaa karibu naye. Nilikaa mpaka akaniuliza.

"Weye mutoto, uko na neno?"

"Huyo mama aliyewapikia. Anaitwa nani?"

"Mama Sifa. Banamwita hivyo tu. Anapikia batu ya mashimo, nyuma ya Omate, mbali kidogo."

"Yukoje? Mrefu?"

"Mi nilifika na njaa, binti yangu. Niliangalia sahani, sikuangalia sura."

Sifa mwanangu, mama yeyote wa huku akizaa anapoteza jina lake, anabaki na la mtoto. Na akina Sifa ni wengi. Darasani kwenu tu mnaitikia watatu. Najua hayo yote. Sikutaka kukuambia kitu kama hiki usoni, nikaona macho yako yakiwaka kama ile taa, halafu niende nikute mama wa mtoto mwingine. Ndiyo maana nitakupa barua hii ikiwa imegundishwa na utaifungua Goma. Lakini siwezi pia kukaa hapa nikivuna maharagwe wakati kuna mwanamke msituni anayeitwa kwa jina lako. Safari hii nikisikia, nataka niende mpaka mwisho wa nilichosikia.

Mama Riziki amekubali. "Utabeba unga kama sisi," amesema. "Mutu asiye na muzigo anaulizwa mingi kwa njia." Kwa hiyo nitabeba. Naogopa, sitakuficha. Shingo yangu haijazoea kamba ya kitunga, na njiani kuna vizuizi ambapo itabidi niseme jina langu kwa sauti.

Simu inaondoka nanyi. Nimeiweka chini ya mto wako, na waya wake unafika. Injini ikiwaka inakula. Nitaazima simu ya mtu popote penye mtandao, na sitabip. Wewe na mimi tumeacha kuhesabu. Ikilia, pokea. Kama ni namba usiyoijua, pokea. Nikimpata, sauti ya kwanza utakayoisikia haitakuwa yangu. Nisipompata nitakuambia pia, kwa mdomo wangu, hata kama nitakaa kimya kwanza. Ningojee tu, usikate.

Sijui kama ni haki kumpa mtoto wa umri wako vitu vizito hivi. Nimeifikiria jioni nzima. Lakini ni mama yako aliyekuwa anapiga, na nikikawia kurudi sitaki ukue ukidhani nilikuacha kwa sababu ya maharagwe. Ukinichukia kwa muda, nitaelewa. Chukia kwa sauti, uniambie, usichechemee nayo.

Babu nitamwambia mwenyewe nikirudi, nikimwangalia usoni. Hilo ni langu, usinisaidie. Lakini Koko, Sifa. Kila jioni anapofunika moto anauliza, wala haulizi mtu, "Si alibip?" kisha anaenda kulala. Usingizi wake wote umekaa juu ya bip ile. Huko Goma atakuuliza wewe, maana sitakuwepo. Mwambie, "Ndiyo Koko, alibip." Hutakuwa umedanganya. Ngapi, nakuomba, usimwambie.

Mama mudogo wako,
Katungu